Waliosamehewa Mno

Tarehe 4 Julai 2012, katika uwanja wa Lang Park mjini Brisbane, Todd Carney alisimika mpira karibu kabisa na mstari wa pembeni. Dakika zilikuwa zinayoyoma, timu yake ya New South Wales iko nyuma kwa pointi mbili, na maelfu ya mashabiki wa Queensland wanamzomea kwa pumzi zao zote. Ukisimama kwenye pembe ile, nguzo mbili za lango huonekana zimesogeleana hadi kubaki mwanya tu. Carney akarudi nyuma, akatulia, akapiga. Mpira ukapita katikati. 20-20. Hazikupita dakika nyingi Cooper Cronk wa Queensland akaudondosha mpira mguuni kutoka mbali, akaongeza pointi moja, mechi ikaisha 21-20, na Queensland wakatwaa ubingwa wa State of Origin, zile mechi tatu za kila mwaka baina ya majimbo mawili, kwa mara ya saba mfululizo.

Nimeutanguliza mkwaju huo kwa makusudi. Wengi wanaomsimulia Carney huanza na picha aliyopigwa msalani miaka miwili baadaye, kisha hutikisa kichwa na kusema kijana alikuwa mpumbavu, yakaisha. Mpumbavu hapigi mkwaju ule. Mtu anayeweza kuunyamazisha moyo wake mbele ya uwanja mzima unaomtukana ana nidhamu fulani, na swali lenye faida ni kwa nini nidhamu hiyo iliishia kwenye mstari wa uwanja.

Kwanza maneno machache kuhusu mchezo wenyewe, maana raga inayojulikana kwetu ni ile ya wachezaji 15, au ile ya saba kila upande iliyoipatia Kenya jina duniani. Hii ya akina Carney ni ya wachezaji 13. Ilizaliwa mwaka 1895 katika hoteli moja ya Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, pale vilabu vya miji ya viwanda na migodi vilipojitenga kwa ugomvi wa fedha. Wachezaji wao walikuwa vibarua. Wakicheza Jumamosi walikosa ujira, na wakubwa wa raga walikataa wafidiwe. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza huu ni mchezo wa watu wanaolipwa kwa ajili ya miili yao, na watoto wake wengi wanatoka kwenye nyumba ambazo mshahara wa raga ni mkubwa kuliko mshahara wowote uliowahi kuingia mle ndani. Ulipofika Sydney mwanzoni mwa karne ya 20, mtu aliyeupa nguvu alikuwa Dally Messenger, nyota aliyeihama raga ya 15. Jina lake ndilo limebaki kwenye medali ya Dally M, anayopewa mchezaji bora wa msimu mzima wa ligi kuu ya Australia, NRL.

Washindi watatu wa medali hiyo, Preston Campbell wa mwaka 2001, Carney wa 2010 na Ben Barba wa 2012, wote kwa nyakati tofauti walivaa jezi ya Cronulla, klabu ya pwani ya kusini mwa Sydney. Ni klabu iliyozoea kungoja. Iliingia ligi kuu mwaka 1967, mwaka uleule ambao Waziri Mkuu Harold Holt aliingia baharini kuogelea na asionekane tena, na kocha mmoja maarufu, Jack Gibson, aliwahi kufanya utani kwamba kuungoja ubingwa wa Cronulla ni sawa na kumwachia Holt taa ya barazani ikiwaka. Katika hao watatu, wawili walipotea. Aliyebaki ndiye aliyekuwa na kila sababu ya kupotea.

Carney alizaliwa mwaka 1986 huko Goulburn, mji wa nchi ya kondoo kati ya Sydney na Canberra, ambao alama yake ni sanamu ya saruji ya kondoo dume, ndefu kuliko nyumba za jirani. Canberra Raiders walimpandisha timu ya wakubwa mwaka 2004, hajatimiza miaka 19. Alikuwa na vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikai kwa mtu mmoja: mbio za winga na akili ya mpishi wa mashambulizi. Na alikuwa na tatizo la pombe, ambalo nalo lilijulikana mapema. Alikamatwa akiendesha gari akiwa amelewa. Akanyang'anywa leseni, akaendesha hivyohivyo, akawakimbia polisi, na mahakama ikamfungia asiendeshe kwa miaka mitano. Klabu ikakasirika, ikamwadhibu, ikamrudisha uwanjani. Kulikuwa na mechi za kushinda.

Mwaka 2008 Raiders walichoka wakaachana naye. Sasa angalia kilichofuata, kwa sababu hapa ndipo penye funzo. Huddersfield walimtaka, Uingereza ikamnyima viza. NRL ikakataa kumsajili kwa msimu wa 2009. Mahakama, baada ya fujo na uharibifu wa mali huko Goulburn, ikampiga marufuku kukanyaga mji wake wa kuzaliwa kwa mwaka mzima. Milango yote ilifungwa kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea kabla na halikumtokea tena kwa muda mrefu. Akaenda Atherton, mji mdogo wa nyanda za juu kaskazini mwa Queensland, karibu kilomita elfu mbili kutoka Sydney, akachezea timu ya hapo kwenye ligi ya wilaya, pamoja na watu wanaokwenda kazini Jumatatu.

Msimu uliofuata, wa 2010, Sydney Roosters walimpa nafasi. Roosters walikuwa wamemaliza 2009 wakiwa wa mwisho kabisa katika ligi. Wakiwa na Carney walifika fainali, wakafungwa na St George Illawarra 32-8, na yeye akavishwa medali ya Dally M akiwa na miaka 24. Huo ulikuwa msimu bora wa maisha yake, na ulikuja mara tu baada ya mwaka pekee ambao kipaji chake hakikuweza kumnunulia kitu.

Mtu angedhani vilabu vingesoma hesabu hiyo. Agosti 2011, baada ya visa vingine vya pombe, Roosters walimfukuza. Jasho halijakauka, Cronulla wakamchukua kwa msimu wa 2012. Safari hii hapakuwa na Atherton wala hakukosa msimu hata mmoja. Miezi michache baadaye yuko Lang Park anapiga ule mkwaju wa pembeni, na Australia nzima inaambiwa kijana amebadilika.

Juni 2014 ikavuja ile picha. Gazeti la heshima haliwezi kuieleza. Itoshe kusema ni mzaha wa kitoto wa haja ndogo, uliofanywa msalani kwenye klabu ya usiku. Haukumdhuru mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe. Cronulla wakavunja mkataba. Ukiziweka kesi hizi pembeni kwa pembeni unashangaa. Mtu aliyewakimbia polisi akiwa hana leseni, jambo ambalo lingeweza kumuua mtoto anayevuka barabara, alirudishwa uwanjani. Mtu yuleyule, kwa picha ya aibu, akafukuzwa moja kwa moja. Mizani haikuwa inapima makosa. Mwaka 2014 Carney alikuwa na miaka 28, majeraha yalishaanza kumzoea, na Cronulla walikuwa wamebanwa na uchunguzi wa dawa zilizokatazwa huku wakielekea kumaliza ligi wakiwa wa mwisho. Msamaha wake ulikuwa umepanda bei na yeye ameshuka bei. Akaishia Perpignan, kusini mwa Ufaransa, kisha kwenye vilabu vya kaskazini mwa Uingereza. Cronulla walipotwaa ubingwa wao wa kwanza mwaka 2016 yeye hakuwepo.

Wazee wetu wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ni methali nzuri, ila kwa maoni yangu inamlaumu mtu mmoja na kuwaacha wengine watoke nje kimyakimya. Tembo likishatiwa maji, wanywaji wanajua. Wanaonja, wanakunja uso, na kesho wanarudi na kibuyu kwa mgema yuleyule kwa sababu mtaa wa pili hakuna, au kwa sababu wa mtaa wa pili anauza ghali. Mgema anajifunza nini hapo?

Katika raga ya Australia wanywaji hao wana sababu ya kimahesabu. NRL ina kikomo cha mishahara: kila klabu inaruhusiwa kutumia kiasi kilekile kwa wachezaji wake, tajiri asimmeze maskini. Ni kanuni ya haki, na imeifanya ligi iwe ngumu kutabirika. Lakini ina mlango wa nyuma. Ikiwa huwezi kutumia zaidi ya mwenzako, njia ya kumshinda ni kupata mchezaji ambaye thamani yake uwanjani ni kubwa kuliko bei yake sokoni. Na nani ana thamani kubwa na bei ndogo? Aliyefukuzwa jana. Nyota mwenye kashfa ni bidhaa yenye punguzo. Klabu iliyo mkiani, yenye kocha anayehesabu mechi zake zilizobaki kabla ya kufukuzwa, haiangalii kashfa, inaangalia punguzo. Kwa hiyo kila kosa, badala ya kufunga mlango, linafungua mlango wa klabu yenye njaa zaidi, mahali ambapo usimamizi ni dhaifu zaidi na haraka ya kushinda ni kubwa zaidi. Kijana anasikia neno "nafasi ya pili" na anaamini anapendwa.

Ben Barba ni kisa kigumu zaidi kusimulia, kwa sababu ndani yake kuna ugonjwa, na mwishoni kuna mtu mwingine aliyeumizwa.

Alizaliwa Darwin mwaka 1989, akakulia Mackay kwenye pwani ya Queensland. Canterbury Bulldogs ya Sydney walimpa jezi namba 1, ya mlinzi wa mwisho, yule anayesimama nyuma ya wenzake wote na kuusoma mchezo kama ulivyo. Mwaka 2012 alikuwa hashikiki. Alifunga trai 22, zaidi ya mtu yeyote katika ligi, nyingi zikianzia mahali ambapo mchezaji mwingine angeupiga mpira nje na kushukuru. Mtindo wake haukuwa wa nguvu. Alikuwa anapunguza mwendo mbele ya mkabaji, karibu kusimama, yule mkabaji anahamisha uzito kwenye mguu mmoja, na hapo Barba anapita upande wa mguu uliokwama. Bulldogs walimaliza juu ya msimamo wa ligi, wakapoteza fainali kwa Melbourne Storm 14-4. Barba akachukua Dally M.

Februari 2013, msimu mpya ukiwa mlangoni, Bulldogs walitangaza kwamba wamemsimamisha ili apate matibabu. Nyuma ya trai 22 kulikuwa na pombe, kamari, nyumba inayovunjika na sonona. Kwa mwaka ule mtu aliyeisemea klabu alikuwa mtendaji wake mkuu, Todd Greenberg. Likumbuke jina hilo.

Bulldogs walimwachilia aende Brisbane awe karibu na familia yake. Brisbane hakukaa sana. Mwaka 2015 akawa Cronulla, na tarehe 2 Oktoba 2016, siku ambayo utani wa taa ya barazani ulikufa, yeye ndiye aliyefunga trai ya kwanza katika ushindi wa 14-12 dhidi ya Melbourne. Siku chache baadaye vipimo vilimkuta na kokeini, akafungiwa mechi 12. Adhabu hiyo inasema jambo jingine kimyakimya. Kwa kanuni za NRL za wakati huo, anayekutwa na dawa za starehe mara ya kwanza hatajwi hadharani. Anapelekwa kwenye ushauri. Mechi 12 ni za mara ya pili. Sina ugomvi na siri ya mara ya kwanza, maana mgonjwa ana haki ya kutibiwa bila kutangazwa magazetini. Ninachosema ni kwamba bingwa aliyembeba yule kijana begani usiku wa fainali hakuwa akimbeba mtu aliyeteleza kwa bahati mbaya mara moja.

Kisha likaja lile soko la punguzo, mara hii kuvuka bahari. Toulon ya Ufaransa, raga ya 15, mchezo ambao si wake. Halafu St Helens, kaskazini mwa Uingereza, ambako mwaka 2018 alicheza kama yule wa 2012, akaongoza ligi kwa trai, na akapewa tuzo ya Man of Steel, ya mchezaji bora wa ligi ya huko. North Queensland Cowboys wakamrudisha nyumbani kwa msimu wa 2019. Hakuwachezea hata mechi moja ya ligi. Mwishoni mwa Januari 2019, kamera za kasino moja ya Townsville zilimrekodi katika ugomvi na mwenzi wake. Cowboys wakavunja mkataba, na NRL ikatangaza kwamba hakuna klabu itakayoruhusiwa kumsajili tena. Baadaye mahakamani alikiri makosa ya kuvuruga utulivu hadharani. Mtendaji mkuu wa NRL aliyemfungia mlango alikuwa Todd Greenberg.

Simlaumu Greenberg kwa uamuzi wa 2019, nisingetaka mwingine. Lakini kuna miaka sita kati ya tangazo la kwanza na la mwisho, na vilabu sita katika nchi tatu. Mbona katika safari yote hiyo mlango uliofungwa kabisa ulikuwa wa mwisho tu, na ukafungwa baada ya mwanamke kuguswa? Kila klabu ilipokea miguu ya Barba na kuahirisha Barba mwenyewe. Aliyelipa gharama ya kuahirisha si klabu hata moja kati ya hizo.

Wapo ambao gharama yao iliwaangukia wenzao wa timu. Castleford ni mji wa makaa ya mawe huko Yorkshire, na klabu yake, iliyoanzishwa mwaka 1926, haikuwa imewahi kuwa bingwa wa Uingereza. Mwaka 2017 ilimaliza msimu wa kawaida kileleni kwa tofauti ya pointi 10, raga yake ikisifiwa na hata wapinzani, na mlinzi wake wa mwisho alikuwa Zak Hardaker, mtoto wa maeneo hayohayo, Man of Steel wa mwaka 2015. Fainali ilikuwa Jumamosi, 7 Oktoba, Old Trafford, dhidi ya Leeds, klabu ya zamani ya Hardaker. Alhamisi Castleford wakatangaza kwamba hatacheza. Ilikuwa kokeini, kutoka kwenye kipimo cha mwezi uliotangulia. Leeds wakashinda 24-6, Castleford wakipata trai yao moja mechi ikiwa imeshakwisha kwa kila maana isipokuwa ya saa. Mtu hawezi kujua kama Hardaker angeyabadilisha matokeo. Watu wa Castleford nao hawatajua, na hilo ndilo linalouma. Hardaker alifungiwa miezi 14, kisha akarudi na kuendelea kucheza kwa miaka mingi, kwa hiyo simweki kwenye fungu la waliopotea. Namtaja kwa ajili ya wenzake waliocheza siku ile.

Nayasema haya nikijua kuna hatari. Ukiisimulia hadithi ya kipaji kilichoharibika kwa ukali, ghafla kila anayeshindwa anaonekana mlevi au mvivu. Sivyo. Tim Smith wa Parramatta alikuwa chipukizi bora wa mwaka 2005, mpishi wa timu iliyoongoza ligi mwaka ule, na waandishi walishampangia miaka kumi ya jezi za Australia. Kilichokuja ni ugonjwa wa baipola, presha ya jiji lisilosahau, na mwaka 2008 akaondoka Parramatta. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumwambia ajikaze. Na katika Februari ileile ya 2013 iliyomwangusha Barba, Mosese Fotuaika wa Wests Tigers, kijana wa miaka 20 aliyekuwa anangojea kucheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu, alijiua siku aliyoumia mazoezini. Watu wazima walioona msuli uliochanika hawakuona kilichochanika pamoja nao. Kijana ambaye tangu utoto ameambiwa kwamba mwili wake ndio shamba, ng'ombe na pensheni ya ukoo mzima, akisikia msuli umeachia hasikii maumivu tu.

Ndiyo maana simwandikii mchezaji mwenye kipaji. Huyo ana miaka 17, hasomi makala kama hii, na akiisoma atadhani inamhusu mwingine. Namwandikia mwalimu wake wa michezo, mjomba aliyejifanya meneja, mfadhili anayelipa karo, mwenyekiti wa klabu anayempigia simu mkuu wa kituo cha polisi Jumapili asubuhi ili kijana atoke kabla ya mechi ya Jumapili jioni. Simu hiyo kwetu tunajua inavyopigwa. Anayeipiga anaamini anamwokoa kijana. Kwa kweli anamfundisha kwamba kuna bei, kwamba bei imelipwa, na kwamba aliyelipa si yeye.

Wala sisemi kwamba dawa ni ukali. Preston Campbell alipata ukali, na nusura umuue.

Anatoka Tingha, kijiji cha kaskazini mwa New South Wales, Mwaborijini wa watu wa Gamilaroi, na alikuwa mmoja wa wanaume wafupi zaidi katika ligi ya watu wenye shingo nene kama magogo. Klabu yake ya kwanza, Gold Coast, ilivunjwa mwishoni mwa 1998. Akaenda Cronulla, na mwaka 2001 akachukua Dally M. Mwaka uliofuata akaja kocha mpya, Chris Anderson, na mchezaji bora wa nchi akajikuta benchi. Hakuwa amekosa kitu. Kipaji chake, kwa sababu ambazo ni za kocha tu, kiliacha kununua chochote, na tofauti na Carney kule Atherton, yeye alibaki mahali palepale, kila siku akivaa fulana ya mazoezi ya watu wasiomtaka. Miaka ya baadaye amesimulia hadharani kwamba alizama kwenye sonona hadi akajaribu kujiua.

Alihamia Penrith, na mwaka 2003 Penrith, ambao miaka miwili kabla walikuwa wa mwisho, walitwaa ubingwa. Gold Coast walipounda klabu mpya, Titans, iliyoingia ligi mwaka 2007, mchezaji wa kwanza kusajiliwa alikuwa yeye. Sijui kama kuna neno moja linaloeleza kilichomshika mtu huyu. Ninachoweza kuonyesha ni alichofanya. Alianza kuzungumza. Alikwenda kwenye shule na vijiji vya Waborijini akausimulia mwaka wake mbaya kwa jina lake halisi, wakati ambapo wanaume wa raga walikuwa bado wanauita ugonjwa wa namna hiyo "uchovu". Hakungoja astaafu ndipo awe na kazi nyingine duniani zaidi ya kupita katikati ya wakabaji. Aliipata akiwa bado anacheza, na siku ambayo raga ingemkataa tena, asingekuwa mtu asiye na kitu.

Wazo la mechi ya kila mwaka kati ya timu ya wachezaji wazawa na nyota wengine wa ligi lilikuwa lake kwa sehemu kubwa. Mechi ya kwanza ilichezwa Februari 2010 huko Gold Coast, wazawa wakashinda 16-12, na mchezaji bora wa siku hiyo akavishwa medali iliyopewa jina la Preston Campbell. Imeendelea kutolewa. Mwaka 2013 aliyevishwa alikuwa Ben Barba. Mwezi haukuisha, Bulldogs wakatoa lile tangazo la kumsimamisha. Na ligi ilikuwa na wiki chache tu tangu ianze aliporudishwa uwanjani.